Umri wa Pakacha

Pakacha halikai siku nyingi. Fundi hukata kuti bichi la mnazi, akaupasua uti wake kwa urefu, nusu mbili zikawa mdomo, kisha akayasuka majani kuteremka chini na kuyafunga fundo kitakoni. Chombo chake ni panga tu, na kazi humalizika mnunuzi akiwa bado amesimama. Ndani yataingia machungwa ya Muheza, au samaki waliotoka majini alfajiri hiyo. Zikipita siku chache, kuti limekauka na kuanza kukatika. Litawashiwa moto jikoni, au litaozea chini ya minazi. Ninapofundisha usanifu wa vifungashio huanza na pakacha, kwa sababu sijaona kifungashio ambacho umri wake umepimwa vizuri zaidi kwa kazi yake.

Ninachotaka wanafunzi waondoke nacho kimo humo. Kila kitu tunachofunga kina umri wake: chipsi zina nusu saa, maziwa mabichi yana siku moja, unga una miezi, asali ina miaka. Kifungashio nacho kina umri. Taka zinazotukera mitaani zinatokana na umri wa hivyo viwili kupishana mno, chipsi za nusu saa zikatiwa kwenye mfuko utakaowazika wajukuu wa aliyezila.

Wengi hufika darasani na jibu mkononi: plastiki mbaya, karatasi nzuri. Siwalaumu, maana wamekulia katika miaka ya marufuku. Zanzibar iliipiga vita mifuko ya plastiki tangu 2006, Rwanda ikatunga sheria yake 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4, na Tanzania Bara ikaja tarehe 1 Juni 2019. Naziunga mkono sheria hizo kwa moyo wote. Aliyeona mitaro ya Dar es Salaam ilivyokuwa ikizibwa na mifuko ya rambo wakati wa masika hahitaji kushawishiwa. Lakini sheria hukataza tu, haimfundishi mtu kubuni, na nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa upesi na mfuko mbadala. Huwa nawapa wanafunzi kibiriti na vipande viwili: kimoja cha kitambaa cha pamba, kingine kimekatwa kwenye mfuko huo wenye sura ya kitambaa. Pamba huungua ikawa jivu. Kile kingine huyeyuka, hujikunja, na kikipoa huganda kuwa kidonge kigumu, maana ni polipropilini, plastiki ileile ya viroba vya sembe. Hapo mmoja atasema basi tushone mifuko ya pamba. Naye namwekea mezani hesabu iliyotolewa na idara ya mazingira ya Denmark mwaka 2018: mfuko wa pamba sharti utumike angalau mara 52 ndipo madhara yake kwa tabianchi yalingane na ya mfuko mwepesi wa plastiki, na ukijumlisha madhara ya kila aina idadi inapanda hadi maelfu. Pamba ni nzuri kwa mtu atakayebeba mfuko mmoja miaka kumi. Kwa mtu atakayeusahau nyumbani kila Jumamosi na kununua mwingine, ni hasara.

Kila mwaka namwalika mzee mmoja msusi aje na makuti yake. Chuo hakina fungu la kumlipa anavyostahili, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu kwa saa mbili wanafunzi hujifunza kwake yale ambayo mimi ningehitaji mwezi kuyaeleza. Safari moja binti mmoja alimwuliza, "Babu, mbona husuki likabana zaidi?" Mzee hakuinua macho. "Likibana, mjukuu wangu, samaki wataoza njiani." Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, na tumezoea kuitumia methali hiyo kwa mambo mengine kabisa. Mle darasani ilirudi kuwa maelezo ya kiufundi. Maji yatoke, hewa iingie, mzigo upungue uzito kadiri mtu anavyotembea. Kufunga si lazima kuziba.

Zoezi kubwa la muhula ni nyanya. Zinatoka Ilula, mkoani Iringa, zinapanda lori, zinateremka kona za Kitonga, zinapita Mikumi na Morogoro, na baada ya kilomita karibu 450 zinashushwa sokoni Dar es Salaam. Nimeichagua nyanya kwa makusudi, kwa kuwa ina maji mengi na ngozi nyembamba, na bado iko hai baada ya kuchumwa. Mwanzoni nakataza penseli. Hakuna kuchora nembo, hakuna kuchagua rangi. Wanafunzi huzipima nyanya uzito, huzirundika na kuona ni tabaka la ngapi linaanza kubonyea, huzifunga chache ndani ya mfuko usiopitisha hewa na kuziacha usiku kucha. Asubuhi mfuko umejaa ukungu wa maji. Nyanya inapumua: inavuta oksijeni, inatoa joto na mvuke, na mvuke usio na pa kutokea hualika kuvu.

Baada ya hapo tunalitazama tenga la mianzi, na tunalitazama kwa heshima. Hewa inapita, mianzi inaota hukohuko Iringa, ubavu ukivunjika unasukwa upya. Kasoro zake ni kina kirefu mno na ncha za mianzi zinazochoma ngozi ya nyanya, ndiyo maana wakulima hutandika nyasi ndani. Na juu ya yote kuna lumbesa. Mnunuzi wa jumla hutaka tenga lijazwe mpaka lifanye kichuguu juu ya mdomo. Likipandishwa tenga jingine juu yake, uzito wote unakaa kwenye kile kichuguu na kuteremka nyanya kwa nyanya hadi chini, huku kuta zilizosukwa kwa ustadi hazibebi chochote. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipinga lumbesa kwa ajili ya haki ya mkulima. Mwanafunzi wa usanifu huongeza sababu ya pili, kwamba kinachoongezwa juu hupondeka chini, na nyanya iliyopondeka imepoteza maji, mbolea, jasho na dizeli yote iliyoifikisha hapo. Ndiyo maana namkatalia yeyote anayepunguza kifungashio mpaka chakula kikaharibika, kisha akajisifu kwamba ameokoa mazingira.

Kundi moja halikosi kukimbilia boksi. Wanaoanza huyalaza mawimbi ya karatasi ngumu, na boksi likipandiwa mzigo husinyaa ubavuni. Mawimbi yanatakiwa kusimama wima, pembe nne zibebe sehemu kubwa ya uzito, na matundu ya hewa yakatwe mbali na pembe hizo. Hata yakikatwa sawasawa, karatasi hunywa unyevu, na boksi lililosimama imara Iringa hulegea likifika Pwani. Kundi jingine hurudi kwenye kreti la plastiki ngumu, fupi, lenye kuta zilizotanuka kuelekea juu. Likiwa limejaa linakaa juu ya mwenzake. Likiwa tupu, unaligeuza upande wa pili nalo linazama ndani ya mwenzake, na lori likarudi na makreti mengi katika nafasi ndogo. Ubunifu huo wa kugeuza tu naupenda kuliko michoro yote ya majani ya kijani kwenye lebo. Ndiyo, ni plastiki. Lakini kreti linaloenda na kurudi kwa miaka limeulipia umri wake.

Mfano wa kifungashio kinachorudi wanafunzi wanao tangu utotoni. Kila mtoto aliyewahi kutumwa dukani kununua soda anajua kuacha pesa ya chupa, na anajua kwamba chupa tupu ni fedha. Utaratibu huo unapungua kila siku mbele ya chupa za plastiki, na naona tunapoteza kitu bora kuliko vingi vinavyotangazwa leo kuwa vipya.

Wanafunzi wakiandika kwamba kifungashio chao kinaoza, nawataka waeleze kinaozea wapi na kwa muda gani. Plastiki ya PLA hutengenezwa kwa wanga wa mahindi au sukari ya miwa, lakini ili ioze vizuri inahitaji mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60. Kwenye mtaro wa Manzese au ufukwe wa Kigamboni hakuna mtambo huo. Jani la mgomba lililobabuliwa motoni ili lilainike lisipasuke, likafungia chakula cha mchana, huoza nyuma ya nyumba bila kusaidiwa na mtu.

Mtihani wa mwisho hauna karatasi. Kila kundi hufunga nyanya kwenye kifungashio lilichobuni, bodaboda akakipitisha kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, kisha kikalala usiku bandani chini ya mzigo. Asubuhi tunakwenda sokoni, na nusu ya alama hutolewa na mama anayeuza nyanya. Anamwaga, anachambua mafungu matatu: nzima, zilizobonyea za kuuza bei ya chini, na za kutupa. Kisha anakigeuza kifungashio mkononi na kuuliza, "Hiki nikishamaliza nakipeleka wapi, mwanangu?" Wakijibu kwamba kinarudi Ilula, anauliza nani anakirudisha, na kwa shilingi ngapi. Kundi ambalo limeshaongea na dereva wa lori linaweza kumjibu. Kundi lisilo na jibu hurudi kwenye meza ya kazi, hata kama nyanya zake zote zimefika nzima.