Nguvu na Mgao: Uhakiki wa Mchezo wa Infamous

Tangu zamani watu wa pwani wamesimuliana habari za Liongo Fumo, shujaa ambaye minyororo haikumweza wala mishale haikumwingia, mpaka mwanawe mwenyewe alipomchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Wasimulizi hawakomi penye kifo chake. Husema kuwa alipiga goti karibu na kisima, upinde ukiwa umevutwa mkononi, akafa katika hali ile ile. Na watu wa mji, wasijue kuwa amekwisha kufa, wakaogopa kwenda kuteka maji. Hapo ndipo ilipo hekima ya hadithi. Nguvu za mtu mmoja hazipimwi kwa hesabu ya adui aliowaangusha tu; hupimwa pia kwa mitungi iliyorudi nyumbani mitupu. Kipimo hiki ni cha kale, walakini chafaa hata kwa sanaa mpya ya michezo ya video, ambamo mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu wamekuwa wengi.

Mfano mwema wa kupimwa hivyo ni Infamous, mchezo uliotolewa mwaka 2009 kwa ajili ya mtambo wa PlayStation 3 na kampuni ya Kimarekani ya Sucker Punch Productions. Ni mchezo wa aina iitwayo ulimwengu wazi, maana yake mchezaji hafungwi katika njia moja iliyochorwa, bali huachiwa mji mzima auzunguke apendavyo. Mji wenyewe ni Empire City, mji wa kubuni wenye visiwa vitatu. Cole MacGrath, kijana apelekaye vifurushi kwa baiskeli, anakabidhiwa mzigo asioujua. Mzigo unalipuka, unaua watu wengi, naye anazinduka akiwa na umeme mwilini. Tauni inaenea. Serikali inaufunga mji, daraja linalindwa kwa bunduki, magenge yanatawala mitaa, na chakula cha msaada kinadondoshwa kutoka angani.

Jambo hili la mwisho ndilo linalouleta mchezo huu mpaka nyanda za juu za Kigoma. Mji uliofungwa, wakazi wasioruhusiwa kutoka, chakula kiletwacho na mkono wa mbali: kwa mchezaji wa Ulaya hayo ni mapambo ya hadithi, lakini kwa Mtendeli yalikuwa maisha. Kambi ya Mtendeli ilifunguliwa tena Januari 2016, katika Wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, ili kupunguza msongamano wa Nyarugusu iliyoko Kasulu, kwa sababu Warundi waliokuwa wakiikimbia nchi yao tangu 2015 walikuwa wamezidi nafasi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka wakae katika eneo walilopangiwa, na atakaye kutoka sharti awe na kibali. Chakula kilikuwa cha mgao: unga wa mahindi, nafaka za jamii ya kunde, mafuta ya kupikia na chumvi, na mwaka 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliupunguza mgao huo kwa upungufu wa fedha. Mwishoni mwa 2021 kambi ilifungwa, na waliosalia wakahamishiwa Nduta, wilayani Kibondo. Si haki kuudai mchezo wa kubuni uwe taarifa ya kambi. Lakini msanii aliyechagua njaa na uzio kuwa jukwaa la shujaa wake amejiweka mwenyewe mbele ya watu wanaovijua vitu hivyo, nao wana haki ya kumsaili.

Yafaa kuanza na sifa, maana zipo, tena si haba. Sifa ya kwanza ni mwendo. Karibu kila ukuta wa Empire City hupandika. Shujaa hushika dirisha, bomba na ukingo wa paa kwa wepesi wa tumbili, huteleza juu ya nyaya za umeme, na akiruka kutoka ghorofa ya juu kabisa hutua bila kuvunjika. Furaha hii ya mwili haielezwi na hadithi. Vidole vya mchezaji ndivyo vinavyoifahamu. Mchezo wa ulimwengu wazi usiopendeza kutembea ndani yake ni sawa na ngoma isiyochezeka, hata kama imetungiwa maneno mazuri. Katika hili Infamous haina deni.

Sifa ya pili ina uzito zaidi. Nguvu za Cole si mali yake. Ni za kuazima. Lazima avute umeme kutoka taa za barabarani, magari na mitambo, na afikapo mtaa uliokatikiwa umeme hudhoofika, akawa mtu wa kuviziwa. Hapo hushuka katika mifereji ya chini ya ardhi, huiamsha mitambo, na anaporudi juu mtaa mzima unawaka taa. Wakazi wa Kibondo na Kasulu, ambao kwa miaka mingi umeme wao ulitokana na majenereta ya dizeli kabla ya mkoa wa Kigoma kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, hawahitaji kufafanuliwa thamani ya taa inayowaka. Wazo hili ni zuri kuliko yote yaliyomo mchezoni: kwamba mwenye nguvu ameshikamana na mji, mji ukizimika naye huzimika. Laiti watungaji wangalilifuata mpaka mwisho. Cole huinyonya taa mbele ya mlango wa mtu, na hapana mwenye nyumba atokaye kumwuliza. Deni limetajwa, mdai hakuonyeshwa.

Kutoka hapa udhaifu unaanza kujitokeza, nao waonekana wazi katika tukio la chakula. Mapema katika hadithi, furushi la msaada linanasa juu ya sanamu uwanjani. Cole anapanda na kuliangusha; watu wenye njaa wanalisogelea. Mchezo unasimama na kumwekea mchezaji mambo mawili: awaachie watu wale, au awafukuze kwa umeme, chakula kiwe chake, cha rafiki yake Zeke na cha mpenzi wake Trish. Akichagua la kwanza, kipimo cha tabia yake huelekea rangi ya buluu, akaitwa mwema. Akichagua la pili, huelekea nyekundu.

Ni jambo la kusifiwa kwamba mchezo wa mapigano uliona kuwa chakula ni suala la maadili. Bali uliliona kwa jicho la mgawaji peke yake. Penye mgao wa kweli swali gumu si kula au kunyang'anya. Swali ni nani aliyehesabiwa na nani aliyesahauliwa. Kadi inasema watu wangapi na nyumbani wamelala wangapi. Je, sehemu ya unga iuzwe ili mboga na sabuni zipatikane, na ikiuzwa, siku za mwisho wa mwezi zitapitwaje. Maswali hayo huulizwa na anayepokea, tena kila siku, wala hayana rangi ya buluu wala nyekundu. Katika Empire City tukio likipita limepita. Hapana arudiye kesho yake uwanjani kuuliza kama chakula kilitosha. Njaa ya watu imegeuzwa mtihani wa shujaa, na mtihani ukiisha wenye njaa wanaondolewa jukwaani.

Mizani yenyewe ya wema na uovu ina ila nyingine. Uwezo mpya hufunguliwa kwa mtu aliyezama upande mmoja. Aliye katikati hubaki nyuma. Kwa hiyo, baada ya matukio machache, mchezaji haulizi tena lipi lililo haki. Anauliza ni lipi litakalomjazia kipimo chake. Aliyeanza kuwa mwema atamtibu mgonjwa njiani kwa sababu tiba ina malipo. Aliyeanza kuwa mwovu atamnyonya uhai mgonjwa yule yule kwa sababu hiyo hiyo. Wema ulipwao papo hapo kwa nguvu ni biashara, na wahenga waliosema tenda wema nenda zako walikwisha kuifahamu tofauti hiyo. Wananchi nao wamefanywa kioo cha shujaa: akitenda mema humshangilia, akitenda maovu humtupia mawe, na picha zake kutani hubadilika. Lakini hawana majina, hawana kazi, hawana ugomvi wala kicheko chao wenyewe.

Kuna mahali pamoja ambapo mchezo unaivunja mizani yake, na hapo ndipo unapokuwa sanaa. Adui mkuu, Kessler, anamtundika Trish upande mmoja na madaktari sita upande mwingine, na muda unatosha kuokoa upande mmoja tu. Mchezaji achague alilotaka, Trish anakufa. Kwa mara moja tendo halikununua kitu, na nguvu zote zilizokusanywa kwa saa nyingi zimekuwa si kitu mbele ya kifo. Baadaye hujulikana kuwa Kessler ni Cole mwenyewe, aliyerudi kutoka siku zijazo kujitia ugumu wa moyo. Ubunifu huu ni wa kina. Hata hivyo mwisho wake ni kuturudisha kwa shujaa yule yule. Mji mzima umeteswa ili mtu mmoja afundishwe.

Na daraja latoa ushahidi wa wazi kuliko yote. Umati wa wakazi unajaribu kuvuka utoke mjini, na walinzi wanaufyatulia risasi. Cole anafika ng'ambo, anapatana na mwanamke ajitambulishaye kuwa ofisa wa serikali, kisha anarudi kisiwani kwa kazi aliyopewa. Tangu hapo ulimwengu ni wazi kwa mmoja na umefungwa kwa wengine wote, na mchezo hauoni ajabu. Jina la aina hii ya michezo lingepaswa kumfanya kila mtungaji ajiulize: wazi kwa nani?

Jibu la namna nyingine limekwisha kujaribiwa Afrika ya Mashariki. Lual Mayen alizaliwa wakati wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza fedha kwa miaka mitatu akamnunulia kompyuta, naye akajifundisha mwenyewe kutunga michezo. Mchezo wake Salaam, uliosaidia kumpatia tuzo huko Marekani mwaka 2018, unamweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayekimbia vita na kutafuta maji, chakula na dawa. Hapana umeme mkononi wala paa la kurukia. Kwa ufundi Salaam ni mchezo mdogo, na atakayeutoa baada ya Infamous ataona ufinyu wake mara moja. Lakini ndani yake mwenye kiu ndiye anayetenda, na kila hatua ina gharama anayoijua yeye. Kimoja kina upana bila watu, kingine kina mtu bila upana. Mchezo mkubwa utakaounganisha viwili hivi ungali unangojwa.

Infamous basi yastahili kuchezwa, na wanaojifunza utungaji wa michezo wajifunze kwake mwendo, na namna ya kuzifungamanisha nguvu na taa za mji. Wasijifunze kwake kuwatazama watu. Hadithi ya Liongo, isiyo na mtambo wala picha, ilikumbuka kisima. Ilijua kwamba shujaa hata akiwa maiti, watoto wa mji wana kiu, na kwamba mtu wa kwanza kwenda na mtungi wake pale kisimani anahitaji ushujaa ambao hapana aliyeuimbia. Mtendeli maelfu ya watu walipanga foleni kwa miaka karibu sita, wakapokea pungufu, wakagawana, wakaishi. Hao ndio ambao mchezo wa mji uliofungwa ungewatazama kwanza, kabla haujamtazama anayeruka juu ya mapaa yao.