Kuweka Neno Moyoni: Juu ya Kitenzi Kimoja cha Biblia ya 1952

Waliotafsiri Biblia ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952 kwa Kiswahili cha Unguja, walikutana na kitenzi kigumu katika Zaburi ya 119, aya ya 11. Kitenzi cha Kiebrania chaeleza kuficha kitu kwa kuwa ni cha thamani. Wao walichagua -weka tu. Katika Luka 2:19, ambapo Kiyunani chanena juu ya kuyatunza maneno pamoja, walichagua -weka tena.

Mhakiki wa haraka atasema neno hili ni jepesi mno. Hata chungu huwekwa chini. Atauliza kwa nini hawakutumia -hifadhi, ambalo watu wa pwani hulitumia kwa yule aishikaye Kurani kwa ghibu. Nami nilikuwa na shaka hiyo kwa muda mrefu. Lakini -hifadhi, likisomwa Rungwe au Kidugala, laelekea kumaanisha kukariri tu. Na kukariri si jambo geni katika nyanda hizo, ambako Wamoravi na wamisionari wa Berlin walianza kazi Unyakyusa mwaka 1891. Mtoto wa Kilutheri wa Iringa hutakiwa kuishika Katekisimu Ndogo ya Luther kabla ya kipaimara. Wengi huisema bila kukosea, na wengine (walimu wao wajua) huisahau kabla ya mavuno.

Mkulima wa Mbeya aelewa -weka kwa njia nyingine. Mahindi huwekwa kihengeni, na yale ya mbegu huwekwa mbali na ya kula, yapandwe mvua zikija. Zaburi yataka maana hiyo hasa, kwa kuwa nusu ya pili ya aya yataja kazi ya kile kilichowekwa, nayo ni kumzuia mtu asitende dhambi. Tena, kitenzi kikiwa kilekile, msikilizaji asiyejua Kiebrania wala Kiyunani amsikia Mariamu akifanya alilolifanya mtunga Zaburi.

Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937, aliyaepuka maneno ya Kiarabu kwa ajili ya wasomaji wa bara. Kanuni yake aliipitisha mpaka. Hata hivyo hapa watafsiri wa 1952, ambao kwa kawaida hawakuyaogopa maneno hayo, walisimama upande wake, nami nawaunga mkono.

Kwa hiyo atakayetafsiri upya asikibadili kitenzi hiki kwa sababu ya wepesi tu. Tangu Habari Njema ilipotoka katika miaka ya 1990, bibi na mjukuu huweza kuianza aya moja pamoja, na kufika neno la tatu mmoja wao hunyamaza.