Namna Wakamba Walivyoizima Amri ya Gavana

Tarehe 28 Julai 1938 Wakamba zaidi ya 1,500, wanaume kwa wanawake na watoto wao, waliingia Nairobi kumtafuta Gavana. Hawakubeba silaha. Hawakumtaka mkuu wa wilaya (DC) wala mkuu wa mkoa, ambao kwa utaratibu wa serikali ndio waliopaswa kupokea malalamiko yao. Walimtaka Sir Robert Brooke-Popham mwenyewe, na wakasema hawaondoki mpaka awasikilize. Mwaka ulipokwisha, amri ya kuwalazimisha kupunguza mifugo ilikuwa imekufa. Na aliyewaongoza, Muindi Mbingu wa Ngelani, wilaya ya Machakos, alikuwa Lamu, amehamishwa kwa nguvu.

Mara nyingi husimuliwa kwamba watu walishinda, kisha kwa bahati mbaya kiongozi wao akakamatwa. Mimi nayasoma mambo hayo mawili kama tendo moja la utawala. Serikali ilimwadhibu mtu ili ipate kuiacha amri bila kuonekana imeshindwa. Mbinu hiyo ni ya kale kuliko Kenya, na ukitaka kuona jinsi watu wa Machakos walivyoikabili vizuri, inafaa kwanza kuangalia mahali ilipofanya kazi kwa ukatili mkubwa zaidi: England, mwaka 1381.

Chanzo cha kule kilikuwa kodi ya kichwa, jambo ambalo wazee wetu hawahitaji kufafanuliwa. Bunge lililokaa Northampton mwishoni mwa 1380 liliweka shilingi moja kwa kila mtu aliyezidi miaka 15, na hiyo ilikuwa kodi ya tatu ya aina yake katika miaka minne. Watoza kodi walipofika Brentwood, jimbo la Essex, mwishoni mwa Mei 1381, watu wakawafukuza. Nusu mwezi baadaye makundi ya Essex na Kent yalikuwa London. Wat Tyler aliongoza, padri John Ball akihubiri usawa.

Tuangalie walidai nini, na kwa nani. Hawakuwa wakimpinga mfalme. Richard II alikuwa kijana wa miaka 14, na waasi walijiita watu wake waaminifu. Adui, kwa maneno yao, walikuwa washauri: chansela Simon Sudbury, mweka hazina Robert Hales, na John wa Gaunt, ami yake mfalme. Hesabu yao ilikuwa kwamba mfalme ni mwema ila amezungukwa na wabaya, kwa hiyo dawa ni kuwaruka hao wabaya na kusema naye ana kwa ana. Na walifanikiwa kumfikia. Tarehe 14 Juni, huko Mile End, Richard aliwakubalia kuondolewa kwa utumwa wa shamba, makarani wakaketi kuandika hati zenye muhuri, na watu wengi wa Essex wakazichukua wakarudi makwao.

Hapo ndipo walipoanza kupoteza. Walirudi na karatasi, wakaacha mjini kundi lililopungua. Siku hiyohiyo wenzao walikuwa wameingia ngome ya London na kuwakata vichwa Sudbury na Hales. Kesho yake, Smithfield, meya William Walworth alimchoma Tyler mbele ya mfalme, na Richard akausogelea umati akawaambia wamfuate yeye. Wakamfuata. Tarehe 2 Julai hati zote zikafutwa; tarehe 15 John Ball akanyongwa. Lakini kodi ile ya kichwa haikurudi tena kwa vizazi vingi. Utawala ulichukua roho za viongozi, ukaitupa kodi kimyakimya, na ukaandika kwamba umeshinda.

Sasa turudi Ukambani. Wakamba hawakuwahi kuwa na mfalme. Mambo yaliamuliwa na nzama, baraza la wazee, na hakuna mzee mmoja aliyekuwa na uwezo wa kuamuru ng'ombe wa boma la mwenziwe wauzwe. Chifu aliletwa na Waingereza, analipwa nao, na ndiye aliyepewa kazi ya kusimamia zoezi la kupunguza mifugo. Serikali ilikuwa na hoja yake: ardhi ya Machakos ilikuwa inamomonyoka vibaya, na wataalamu walilaumu wingi wa ng'ombe. Haikupenda kutaja kwamba malisho yalikuwa yamemegwa, vilima vya Mua vikiwa mikononi mwa walowezi. Wala haikuwa siri kwamba kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, kiwanda kilichohitaji ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Ng'ombe waliozidi idadi waliyopangiwa watu walikamatwa wakapigwa mnada.

Ng'ombe hao walikuwa mahari ya kijana ambaye hajaoa bado, maziwa ya mtoto, na zaidi ya yote, kwa Machakos ya miaka ile, nguvu ya kuvuta plau. Ukimnyang'anya mtu ng'ombe wawili wa plau wiki chache kabla ya mvua, umemnyang'anya msimu mzima.

Ngazi ya malalamiko ilikuwa ndefu: mzee wa kijiji, chifu, afisa wa tarafa (DO), DC, mkuu wa mkoa, ndipo Gavana. Kila daraja lilikuwa na mtu aliyekwisha kushiriki kutekeleza amri inayolalamikiwa. Chama cha Ukamba Members Association, kilichoundwa mwaka huohuo wa 1938, kiliona kwamba kupanda ngazi hiyo ni kuupeleka ushahidi kwa mshtakiwa. Wakairuka yote. Wakati huohuo wakaandika London, wakashirikiana na Kikuyu Central Association, na wakapata msaada wa Isher Dass, Mhindi aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Kwa hiyo Gavana alibanwa pande mbili. Mlangoni pake wameketi watu na watoto wao, na juu yake yuko waziri wa makoloni ambaye bungeni huko London ataulizwa kunani Kenya.

Hii ndiyo tofauti ya kwanza na 1381. Tyler alimtegemea mfalme kama mwisho wa safari, kwa hiyo mfalme alipomgeuka hapakuwa na pengine pa kwenda. Wakamba walimchukulia Gavana kama kituo tu.

Tofauti ya pili ni damu. Pale Nairobi hakuna afisa aliyeguswa. Waliketi, wakapika, wakangoja, siku zikawa wiki. Nadhani huu ndio ufundi mkubwa kuliko yote, na ndio unaosahaulika. Kifo cha Sudbury kilimpa Richard sababu ya kunyonga. Brooke-Popham hakupewa sababu yoyote. Alikataa kuzungumza nao mjini, akawaambia warudi nyumbani naye atawafuata Machakos. Mwezi Agosti akaja akafanya baraza. Hakuja kuomba radhi, lakini alikuja, na watu waliona chifu na DC wamekaa pembeni.

Tofauti ya tatu haikutamkwa kwa sauti. Wakamba walikuwa nguzo ya jeshi la King's African Rifles (KAR) na polisi. Mwaka 1938 vita vya Ulaya vilikuwa vinanukia, na hakuna gavana mwenye akili ambaye angetaka askari wake wapokee barua kutoka nyumbani kwamba ng'ombe wa baba zao wamepigwa mnada na serikali wanayoitumikia. Wakulima wa Kent walikuwa wengi, lakini mfalme angeweza kuwaua bila kujidhoofisha. Kwa Machakos haikuwa hivyo.

Basi serikali ikafanya kile utawala wa Richard ulichokifanya, kwa mkono mwepesi zaidi. Ikamchukua Muindi Mbingu, ikampeleka Lamu, ikaacha kulazimisha watu kuuza.

Ni haki kusema pia kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwapo. Udongo ulikuwa unakwenda kweli, na anayebisha na aende Kola, kusini mwa mji wa Machakos kwenye barabara ya Wote, atazame jinsi miteremko ya Kalama ilivyo mikali. Kilichozuia udongo huo hakikuwa mnada. Baada ya vita serikali ilikuja na kazi ya matuta, mwanzoni kwa shuruti na manung'uniko, lakini kazi iliposhikwa na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, wanawake wakiwa wengi, ikabadilika sura. Walichimba mfereji kukata mteremko, wakarusha udongo upande wa juu, ukawa ukingo, na juu yake wakapanda majani ya kulisha ng'ombe. Mvua ikija inaleta udongo unaokwama ukingoni, na baada ya misimu kadhaa shamba lililokuwa limeinama linaanza kulala. Matuta hayo ya fanya juu yanajulikana leo Afrika Mashariki nzima. Ng'ombe amefungwa zizini, analishwa yale majani, mbolea yake inarudi shambani. Mnyama yuleyule aliyeshtakiwa 1938 amekuwa sehemu ya dawa.

Hilo linanifanya niamini kwamba waliokwenda Nairobi hawakuwa wapinzani wa utunzaji wa ardhi, kama ilivyodaiwa. Walikataa kugharamia peke yao tatizo ambalo nusu yake ililetwa na kumegwa kwa malisho yao.

Muindi Mbingu alikaa uhamishoni Lamu miaka mingi. Vita vilianza na kumalizika akiwa huko. Vijana wa kwao walipigana Abisinia na Burma chini ya bendera iliyomfunga. Aliachiliwa 1946, muda mrefu baada ya suala la ng'ombe kumalizika, na akauawa 1953, katika miaka ya hali ya hatari. Nairobi imempa barabara katikati ya mji, inayopita mbele ya Soko la Jiji. Katika hesabu ya 1938 serikali ilihitaji mtu mmoja wa kulipia ng'ombe wa maelfu, na ni yeye aliyelipa.