Majaribu na Saburi: Uhakiki wa Lugha ya Mateso katika Ukristo wa Pwani

Mwakirunge, katika Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa, yajulikana na wengi kwa jaa lake, ambako taka za jiji humwagwa na watu huziokota wapate riziki. Mkristo wa mahali kama hapo aulizapo maana ya taabu yake, jibu apewalo mara nyingi ni neno moja: majaribu. Makala haya yanakusudia kulihakiki neno hilo. Hatukusudii kupinga imani kwamba Mungu aweza kumfunza mja wake kwa njia ya dhiki. Imani hiyo ni ya msingi katika Ukristo. Tunachouliza ni kama lugha tunayoitumia yaitendea haki.

Yafaa tuanze na asili. Jaribu, dhiki, saburi na mtihani yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu, nayo yalikuwa yamekwisha kukomaa katika mafunzo na tungo za Waislamu wa pwani kabla ya wamisionari wa karne ya 19 kufika. Johann Ludwig Krapf alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa, mwezi wa Juni 1844, msaidizi wake alikuwa kadhi. Kisa cha Ayubu ni ushahidi mwingine. Utendi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapisha katika miaka ya 1920, wamsifu Nabii huyo kwa subira yake. Ayubu wa Biblia naye husubiri, lakini katika sehemu kubwa ya kitabu chake hulalamika, huhoji, na kutaka ajibizane na Mungu. Tena mwishoni wanaokaripiwa ni rafiki zake, waliokuwa na maelezo tayari juu ya sababu ya mateso yake. Mahubiri mengi humchukua Ayubu wa saburi na kumwacha Ayubu wa hoja.

Tukigeukia sarufi twaona tatizo la pili. Neno la Kigiriki peirasmos lina maana mbili: kupimwa, na kushawishiwa kutenda dhambi. Tafsiri ya Biblia ya 1952, ijulikanayo kama Union Version, ilitumia jaribu kwa maana zote mbili, hata Shetani katika Mathayo sura ya 4 akaitwa Mjaribu. Yakobo, katika sura ya kwanza ya waraka wake, ataka majaribu yapokelewe kwa furaha. Kisha, aya chache baadaye, amkataza mtu kusema kwamba Mungu ndiye amjaribuye. Msomaji wa Kiswahili hana budi kuzitenganisha maana hizo kwa muktadha tu. Zaidi ya hayo, kitenzi kujaribiwa humfanya msikilizaji aulize: na nani? Nomino majaribu haina mtendaji. Taka za jiji zikishaitwa majaribu, swali la nani aliyezimwaga hapo hutoweka.

Mfano ulio karibu utatusaidia kupima matumizi ya lugha hii. Rosina, mkewe Krapf, alifariki Julai 1844, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Kaburi lake lipo bara hiyo hiyo ya kaskazini, upande wa Nyali. Krapf aliwaandikia wakuu wake London kwamba kaburi hilo ni ishara ya kuanza kwa kazi ya Injili katika sehemu hii ya Afrika. Barua hiyo husifiwa kwa imani yake, na kwa haki. Lakini mhakiki hana budi kutambua kwamba maana iliyotolewa humo ni maana ya kazi, iliyoelekezwa kwa wakuu wa kazi; sauti ya Rosina mwenyewe yatufikia kwa kalamu ya mumewe. Hata hivyo, aliyekipa kifo hicho maana alikuwa ndiye mfiwa. Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Neno majaribu likitoka kinywani mwa mteswa ni ungamo. Likitoka kinywani mwa mtazamaji laweza kuwa hukumu, kama maneno ya rafiki za Ayubu.

Huenda ikasemwa kwamba maskini huhitaji faraja kuliko sarufi. Ni kweli. Lakini Paulo, katika sura ya 5 ya Waraka kwa Warumi, haruki kutoka dhiki hadi tumaini kwa hatua moja: saburi na uthabiti wa moyo vimo katikati. Saburi hiyo ni kustahimili, wala si kunyamaza.

Kiswahili chenyewe chatuonyesha njia, kwani kujaribu ni pia kujitahidi. Baada ya msiba wake Krapf aliendelea na lugha hii. Sarufi yake ilitoka 1850, na kamusi yake 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Hatusemi kwamba Rosina alikufa ili kamusi ipatikane. Hesabu ya namna hiyo ni dhuluma. Twasema tu kwamba aliyejaribiwa alijaribu. Vivyo hivyo, Mkristo wa Mwakirunge aombaye apewe nguvu za kustahimili, na papo hapo akadai taka ziondolewe mlangoni pake, hajashindwa mtihani wake.