Juu ya Neno "Disgrafia" na Visawe Vyake

Neno disgrafia limeingia katika semina za walimu na katika maandishi ya afya bila ya kupokewa rasmi. Watafsiri wamelitafutia visawe, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa peke yake mezani pake, visawe hivyo havipatani: "tatizo la mwandiko", "ulemavu wa kuandika", "udhaifu wa uandishi", na hata "mwandiko mbovu". Si kusudi letu kumlaumu yeyote. Lakini istilahi hii humfikia mtoto darasani ikiwa hukumu, na kwa sababu hiyo twaona yafaa ipimwe kwa mizani kali kuliko jina la nati au la mdudu.

Asili yake ni Kigiriki: sehemu ya kwanza yaeleza ugumu au ubaya, ya pili yaeleza kuandika. Itofautishwe na agrafia, neno alilolitumia tabibu William Ogle wa Uingereza mwaka 1867 kwa mtu aliyekwisha kujua kuandika, kisha akapoteza uwezo huo kwa maradhi ya ubongo. Disgrafia tunayoizungumzia hapa ni ya mtoto ambaye uwezo huo haukukua kwa kadiri ya umri wake, akili yake na mafundisho aliyoyapata. Mtafsiri anayeandika "kupoteza uwezo wa kuandika" kwa hali zote mbili amempa mwalimu mgonjwa badala ya mwanafunzi.

Kosa kubwa zaidi limo katika neno la mwisho la visawe hivyo. Kiswahili kina utajiri hapa ambao watafsiri wameupita mbio. Mwandiko ni sura ya herufi, kazi ya mkono. Tahajia ni mpangilio wa herufi katika neno. Uandishi ni kazi ya kutunga, au fani ya mtu anayeishi kwa kalamu. Hali hii yaweza kumshika mtu popote kati ya hapo: yuko ambaye vidole havimtii, na mstari mmoja humchosha kama kulima shamba zima, yuko ambaye mwandiko wake ni safi lakini herufi hupotea njiani, na yuko anayesimulia vizuri kwa kinywa, ila akishika kalamu hubakiwa na sentensi mbili. Ukisema "tatizo la mwandiko" umewaacha nje wawili wa mwisho, tena umemwambia mwalimu kuwa dawa ni kunakili herufi daftari zima. Ukisema "udhaifu wa uandishi", msomaji atadhani yazungumzwa habari ya mtunzi wa riwaya asiyeijua kazi yake. Kitenzi chenyewe, kuandika, ndicho kinachobeba yote. Kwa hiyo twapendekeza "ugumu wa kuandika" kwa matumizi ya shule na ofisi, na "disgrafia" ibaki kwa matabibu, ikifuatwa na maelezo inapotajwa mara ya kwanza. Tutaambiwa kwamba ugumu wa kuandika ni wa kila mtu. Hata "uoni hafifu" ni wa kila mtu jioni, na bado istilahi hiyo imekaa.

Tuchukue mfano wa Same, kwa maana huko mambo haya hukutana kwa namna iwezayo kumpoteza hata mwalimu hodari. Mji uko tambarare, penye reli na barabara ya Moshi. Lakini ziko shule nyingi juu milimani, pande za Chome, Suji, Mbaga na Vudee, ambako mtoto aweza kuingia darasa la kwanza akiwa na Chasu kinywani. Wapare wenyewe hujiita Vaasu, na palipo na wa- ya Kiswahili wao wana va-. Basi mtoto akiandika "vatu" kwa "watu", ameandika kwa uaminifu sauti aliyotoka nayo nyumbani. Kosa lake lina kanuni, hurudi pale pale, na hupungua kadiri Kiswahili chake kinavyokomaa. Mwenye ugumu wa kuandika hana kanuni ya namna hiyo: neno moja aweza kuliandika kwa sura tatu katika ukurasa mmoja, ilhali kwa kinywa hulitamka sawasawa. Mwalimu asiyekuwa na maneno mawili kwa mambo haya mawili atayatia katika kapu moja, na aghalabu kapu hilo huitwa uvivu.

Kapu hilo lina historia. Pare, wilaya iliyokuwa ikijumuisha Same na Mwanga, ilikuwa mojawapo ya wilaya sita zilizochaguliwa kufuta ujinga kufikia mwisho wa mwaka 1971, pamoja na Kilimanjaro, Pangani, Mafia, Masasi na Ukerewe. Kampeni ile ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, wala hatuitii doa. Lakini lugha yake iliita hali ya kutojua kusoma na kuandika ujinga, na ikayafunga matendo hayo mawili kwa "na" moja hata yakawa kama tendo moja. Mtu mzima aliyesoma kitabu cha kisomo bila taabu, lakini barua ikamshinda, hakuwa na jina la kujiita isipokuwa lile la wasiojua lolote. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015 ulifuata mkondo huo huo kwa kifupisho cha KKK. Kifupisho ni kizuri kwa kumbukumbu. Kwa uchunguzi ni kibaya, maana K ya pili hujificha nyuma ya K ya kwanza.

Orodha za dalili nazo zimetafsiriwa kwa utiifu uliopita kiasi. Zilizotoka katika Kiingereza, ambacho tahajia yake haifuati matamshi, humwambia mwalimu ayaangalie maneno yasiyoandikwa kama yanavyotamkwa. Katika Kiswahili atayatafuta hadi jua lichwe. Kwa kuizingatia tahajia yetu, yampasa atazame kwingine: ng na ng' zinavyobadilishana, mb na nd zinavyopoteza herufi, na hasa kitenzi kinavyokatika. "Hawatatuandikia" ni sentensi nzima katika neno moja. Mtoto huyu aweza kulikata "hawata tuandi kia", au akaruka silabi asijue. (Tuseme kweli, "ana soma" ni kosa la wengi, hata katika mabango ya barabarani. Linalotazamwa ni ukaidi wake baada ya kufundishwa.)

Limebaki neno "ulemavu". Wanaolitetea wana hoja, kwani haki hulifuata neno hilo katika Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Twaikubali hoja, ila twamwogopa jirani yake. Taarifa za Baraza la Mitihani la Tanzania zimekuwa zikiwataja watahiniwa wasioona, wenye uoni hafifu, wenye uziwi, wenye ulemavu wa viungo na wenye ulemavu wa akili. Mwalimu mkuu aliye na "ulemavu wa kuandika" mkononi, asipoliona jina hilo katika orodha, atavutwa na lililo karibu, yaani ulemavu wa akili, ambalo ni jambo jingine kabisa. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu wamekuwa wakiongezewa muda, dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Dakika hizo ndizo anazozihitaji mtoto wetu, nazo hutolewa kwa jina.

Darasani msaada hauhitaji vifaa vya ng'ambo. Mtoto asimulie kwanza ndipo aandike. Herufi zianzie mchangani. Maelezo ya ubaoni apewe yakiwa yamekwisha kuandikwa. Wazo lipate alama zake na mwandiko zake. Aliyeshindwa kabisa atamke majibu, mwingine aandike. Hapo istilahi yatupungukia tena. "Katibu" ni cheo. "Mwandishi" amekwisha kuchukuliwa na magazeti. "Msaidizi" hatuelezi anasaidia nini. Kauli ya kutendea yatupa "mwandikiaji", aandikaye kwa niaba ya mwingine na maneno yakabaki ya mwenyewe. Kazi hiyo si ngeni, kwani kabla ya simu kuenea vijijini walikuwako walioandikia wengine barua, na jina halikuhitajiwa kwa kuwa ilifanywa kwa ujirani. Katika chumba cha mtihani ujirani hautoshi: msimamizi hana budi kuandika katika ripoti yake ni nani aliyeketi na mtahiniwa, na aliketi hapo kama nani.