Kina cha Kati cha Beauvais

Kanisa kuu la Beauvais, kaskazini mwa Ufaransa, husifiwa mno kwa kimo. Dari yake ya mawe iko kiasi cha mita 48 juu ya sakafu, na hakuna kanisa jingine la zama zile lililoifikia. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ni sifa ya kupimia kamba. Nani huusifu utenzi kwa wingi wa beti?

Ili tuihukumu kazi hii kwa haki, yatupasa tujue jiwe husimamaje hewani. Waashi walitanguliza kiunzi cha mbao chenye umbo la tao. Juu yake wakapanga mawe yaliyochongwa, kutoka pande mbili, hata jiwe la kileleni likayafunga. Chokaa ilipokwisha kushika, mbao zikaondolewa. Tangu hapo kila jiwe lataka kuanguka, na kwa kuwa yote yataka kuanguka pamoja, yanazuiana. Uzito usioweza kushuka wima husukuma kuta nje. Kwa hiyo huko nje pakajengwa matao mengine ya kuupokea msukumo ule na kuufikisha ardhini. Sisi wa nyumba za chokaa, ambao upana wa vyumba vyetu uliamuliwa na urefu wa boriti, hatuna budi kustaajabu.

Ujenzi ulianza 1225, na dari ikafungwa 1272. Mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka. Walioijenga upya walisimamisha nguzo mpya katikati ya zile za kwanza, na lililokuwa tao moja pana likawa mawili membamba. Wako wanaosikitika kwamba wasaa wa awali umepotea. Mimi naona hapo ndipo kanisa lilipopata sauti yake. Nguzo zile ni kina cha kati: mshororo wa mizani 16 umegawika nane kwa nane, na jicho, kama ulimi wa mghani, limepata pa kutua. Wanaotwambia kwamba vina ni pambo tu, na kwamba shairi litapumua vikiondolewa, ningependa wasimame chini ya dari ile.

Mnara ni habari nyingine. Ulikamilika 1569, ukaanguka 1573, na ukumbi mrefu wa waumini haukujengwa kamwe. Aingiaye leo hukuta kichwa na mabega, kisha ukuta. Hilo ni kosa la utunzi, wala sioni sababu ya kulipamba kwa huruma.

Katika miaka ya 1960 vyuma vilivyoyaunganisha matao ya nje viliondolewa, kwa kudhaniwa kwamba vinaharibu sura na havina kazi. Kanisa likazidi kuyumba kwa upepo, na vyuma vingine vikatiwa mahali pake.