Mhazini na Safari ya Ukerewe

Kazi inaanza kwa rula. Mhazini anafungua kaunta buku yenye jalada gumu, anapiga mistari ya wima kwa kalamu ya bluu, kisha anaandika vichwa vya safu: kitu, idadi, bei, jumla, aliyeulizwa. Hakuna bei inayoingia humu bila jina la aliyeitaja na siku aliyoitaja. Bei ya kukisia huandikwa kwa penseli. Ikithibitishwa kwa simu au kwa miguu, ndipo huipitishia wino. Ukiutazama ukurasa mmoja tu unajua mara moja ni wapi kuna uhakika na ni wapi bado kuna matumaini.

Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Musoma, na ndiye anayetunza fedha za kikundi cha kuweka na kukopa cha kina mama wa mtaa wa Nyasho. Wako 24: walimu, mafundi cherehani, mama lishe, wauza samaki. Kwa miaka wamekopeshana kwa ajili ya mabati, sare za shule na misiba. Sasa wamekubaliana kwamba fungu moja liende kwenye mapumziko: siku tatu Ukerewe, juani na majini, na mtu asirudi nyumbani na deni. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloipa kazi hii ugumu wake. Mwenye fedha nyingi anaweza kwenda kisiwani bila kupanga sana. Hawa lazima kwanza wautengeneze unafuu wenyewe, na huyu ndiye fundi wao.

Hatua ya kwanza ni tarehe. Anaitungua kalenda ukutani na kuilaza mezani. Huko Ulaya, wanaotaka kwenda Malta, Krete au Kupro kwa bei ya chini hukwepa Julai na Agosti, wakasafiri Mei au Septemba, jua likiwa bado lipo na hoteli zikiwa na nafasi. Kanuni yake ni hiyo hiyo, ila misimu ni ya hapa. Machi hadi Mei anaifuta: masika. Januari ina jua zuri, lakini ni mwezi wa madaftari na viatu vya shule, hakuna mwenye akiba. Mwisho wa mwaka kuna mvua za vuli, kisha Krismasi, wakati kila gari limejaa. Kinachobaki ni likizo ya katikati ya mwaka: mvua zimekwisha, walimu wako huru. Ndani ya likizo hiyo anachagua Jumatatu hadi Jumatano. Mwisho wa wiki Coaster za mjini hukodiwa na watu wa harusi, na mwenye gari hana sababu ya kushusha bei. Jumatatu gari limekaa, na gari lililokaa huzungumzika.

Bado hajamaliza na kalenda. Kwa penseli anatia vidoti kwenye siku ambazo mwezi hautaonekana. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, wakiwavuta dagaa kwa taa. Mbalamwezi ikitawala, taa hazina nguvu, na mitumbwi mingi hupumzika. Wiki ya giza, kwa hiyo, ni wiki ya dagaa tele mwaloni na kitoweo cha bei ya chini. Pia ni wiki ambayo mtu akikaa ufukweni usiku ataona taa za wavuvi zimejipanga ziwani, na hakuna kiingilio. Anazungushia tarehe tatu kwa wino mwekundu. Humo ameshaweka likizo, jua, gari la bei nafuu, kitoweo na burudani ya usiku, na hakuna hata shilingi moja iliyotumika.

Hatua ya pili ni njia. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, takriban kilomita za mraba 530, na kiutawala kiko Mkoa wa Mwanza. Wengi wakifikiria kwenda huko hufikiria meli ya kutoka Mwanza mjini hadi Nansio. Kwa mtu wa Musoma huko ni kuzunguka: ateremke kusini mpaka Mwanza, alale huko au asubiri meli, ndipo arudi kaskazini kwa maji. Mkoa wa Mara una mlango wake. Mhazini anauchora kwa mstari mmoja: Musoma, Bunda, Kibara, Kisorya, halafu kivuko mpaka Rugezi, kisha Nansio. Pale Kisorya maji ya kuvuka ni kama kilomita nne tu, na kivuko hubeba magari. Gari lile lile lililowatoa Nyasho litawafikisha mlangoni pa gesti, hakuna kushusha mizigo na kupakia upya.

Kwenye mstari huo anaongeza mchepuko mmoja, Butiama. Wako walimu wengi kundini, na kwao kupita karibu na Mwitongo bila kusimama kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere na makumbusho yake ni jambo lisilofaa. Wenyewe wanafundisha Musoma, mji ule ule ambako Kambarage, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliletwa kuanza shule Mwisenge mwaka 1934. Lakini mhazini hakubali mchepuko kwa sababu unapendeza tu. Anaupima. Anaandika kilomita zinazoongezeka, saa zinazoliwa, na kivuko wanachoweza kukikosa Kisorya wakichelewa. Baada ya hesabu hiyo anauhamisha Butiama kutoka siku ya kwenda na kuuweka siku ya kurudi. Wakati wa kurudi watakuwa wameshavuka, hakuna kivuko kinachowasubiri mbele, na wanaweza kukaa makumbushoni kwa utulivu. Mabadiliko ya mstari mmoja, na siku mbili za safari zimenyooka.

Hatua ya tatu ni kugawa. Hapa anaonyesha jambo ambalo wapangaji wengi hulipuuza. Wanachama ni 24, lakini gharama ya gari anaigawa kwa 22. Anajua kwamba kati ya leo na siku ya safari mmoja atapata mgonjwa nyumbani, mwingine atapata msiba. Gari halipungui bei kwa sababu viti viwili viko wazi. Akigawa kwa 24 na wakaenda 22, pengo litaangukia kwa wale waliojitahidi kulipa. Akigawa kwa 22 na wakaenda wote, ziada inarudi mfukoni mwao. Chini ya jedwali anaongeza mstari wa dharura, asilimia 10 ya bajeti yote, na anaupigia mstari mara mbili ili pasiwepo wa kuugusa kwa ajili ya soda.

Makubaliano ni shilingi 3,000 kwa wiki kwa wiki 40. Kila mmoja atakuwa amefikisha shilingi 120,000, na kikundi kizima shilingi 2,880,000. Ukiidai laki moja na elfu ishirini kwa mkupuo, nusu ya kundi wataaga. Ukiigawa vipande 40, inakuwa kitu ambacho mama lishe anakiweka pembeni siku moja ya wiki. Ndiyo maana mpango umeanza mapema hivyo. Hana uwezo wa kuongeza fedha za mtu yeyote, kwa hiyo ameongeza muda.

Kisha anafika kwenye jina ambalo ratiba hiyo haimfai. Mwanachama mmoja anauza dagaa, na kipato chake kinafuata mwezi wa angani. Wiki ya giza ana fedha, wiki ya mbalamwezi hana kitu. Kumdai 3,000 kila wiki ni kumtia aibu mara moja kila mwezi mbele ya wenzake. Mhazini anachukua rula, anapiga safu nyingine pembeni ya jina lake, anaacha tupu wiki za mbalamwezi na kuandika kiasi kikubwa zaidi katika wiki za giza. Anajumlisha kwa kikokotoo, anarudia, anajumlisha tena kwa kichwa. Jumla inatoka ile ile, 120,000. Hamwiti kikaoni kumweleza. Anamtumia ujumbe mfupi: “Dada, ratiba yako nimeipanga kwa siku za kazi. Iangalie kama inakufaa.”

Hatua ya nne ni malazi. Anapiga simu Nansio. Anaanza kwa shikamoo, kwani sauti iliyopokea ni ya mzee, na anaitikiwa marahaba mwanangu. Anauliza habari za familia na za mvua. Baada ya hapo ndipo maswali yanapokuja, moja baada ya jingine, na kila jibu anasubiri kuliandika kabla ya kwenda kwa jingine. Vitanda ni futi ngapi? Kila kitanda kina chandarua, na chandarua hakijatoboka? Maji yanatoka bombani au ni ya ndoo? Chumba kikilaliwa na wawili, bei inabaki ile ile? Kwa vyumba 12, usiku mbili, Jumatatu na Jumanne, mzee anatupunguzia kiasi gani? Hamkatizi mzee anapofikiri. Kimya kile kirefu cha kwenye simu ndicho kinacholeta punguzo, na yeye anakiacha kifanye kazi yake. Mwisho anaahidi malipo ya awali kwa simu na kuomba risiti.

Hatua ya tano ni chakula. Mchele na mafuta vitanunuliwa Bunda njiani. Samaki watanunuliwa kisiwani, alfajiri, moja kwa moja mwaloni, sato na dagaa wabichi. Muhogo na matunda viko huko huko. Kisha kuna mapatano na mama lishe wa Nansio: kikundi kinaleta vitu, yeye anapika na kulipwa kazi yake na mkaa wake. Mhazini anakataa pendekezo la wenzake kwamba wapike wenyewe ili waokoe zaidi. Anawajibu kwa upole kwamba hawa wamepika mwaka mzima, na safari ambayo mwanamke anaamkia jiko haiitwi mapumziko. Kiasi hicho cha kumlipa mpishi ndicho pekee ambacho hakukijadili.

Hatua ya sita ni maji, na hapa kalamu nyekundu inatumika zaidi. Wanachama wameomba waende Ukara pia, kisiwa jirani. Mhazini anaandika Ukara, halafu anaandika chini yake: 20 Septemba 2018. Siku hiyo kivuko MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na gati la Bwisya kikitokea Bugolora, kimejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Ukara haufuti, ila anauwekea masharti: asubuhi tu, kabla upepo wa mchana haujachafua ziwa, jaketi okozi kwa kila mtu, livaliwe, lisikaliwe, na chombo kikionekana kimejaa, kundi zima linabaki ufukweni bila mjadala. Kuhusu kuogelea, ameandika waulizwe wenyeji juu ya mamba na viboko, na waepuke maji yaliyotuama penye matete, makazi ya konokono wanaoeneza kichocho. Kwa siku ambayo ziwa litakataa, ameandaa mbadala wa nchi kavu: kutembelea jumba la watemi Bukindo, kisha Kagunguli, alikoishi Aniceti Kitereza. Huyo alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri yake ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1980. Mbadala huo hauna gharama ya ziada, kwa kuwa gari lipo.

Ukurasa wa mwisho ameuandaa mapema, na bado ni mtupu. Una safu tatu: bei tuliyoambiwa, bei tuliyolipa, tofauti. Wakirudi utajazwa mbele ya wote, na kitakachobaki kitagawanywa kwa majina.

Nimekaa pembeni ya meza hii nikitazama, na heshima yangu imezidi kila ukurasa ulipofunguliwa. Mtu wa kipato kidogo huambiwa asubiri mpaka apate zaidi ndipo apumzike, na wengi husubiri maisha yao yote. Mhazini hakubaliani. Kwake mapumziko ni haja kama mabati, na yana njia yake ya kufikiwa: uliza, andika, gawa, subiri, uliza tena. Kikundi cha mtaa mwingine kimeshamwomba daftari wakanakili. Amelitoa bila kusita, akawaomba jambo moja: vichwa vya safu wavichukue kama vilivyo, lakini bei zote wakaulize upya wenyewe.